Mama Kifutio na Karatasi za Viola

Mimi hufundisha besi, ile fidla kubwa kuliko mtu, inayopigwa kwa kusimama. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa besi tuna mapumziko marefu. Wenzetu wa fidla wanahangaika na noti chungu nzima, sisi tunahesabu moja mbili tatu nne, na mtu anayehesabu huku mikono haina kazi, macho yake hutembea. Ndiyo maana mengi ya Mama Kifutio niliyaona, na moja niliona nikanyamaza. Tutalifikia.

Kila likizo ya kiangazi, wanachuo wakishakwenda makwao, chuo hutuazima majengo yake kwa wiki tano. Vijana kama sitini huja kutoka huku na huko, wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na tisa, kila mmoja na kisanduku chake mgongoni. Asubuhi hugawanywa katika vikundi vidogo, watatu darasa hili, wanne darasa lile, wengine hata bwaloni, wajifunze kusikilizana bila mtu wa kuwaongoza. Alasiri hukutana wote ukumbini, na hapo ndipo panapokuwa okestra, chini ya mwongozaji wetu ambaye vijana humwita Kifimbo. Hawamwiti kwa ubaya. Ni kwamba fimbo yake haitoki mkononi hata akinywa chai.

Mama Kifutio alikuwa mtunza karatasi za muziki. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukumbi: dirisha moja la kutazama magharibi, rafu tatu za mbao, meza, kopo la penseli zilizochongwa na mkebe wa biskuti uliojaa vifutio. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, watoto wake wana makwao, na goti lake la kushoto lilikuwa likimtabiria mvua. Muziki hakujua kuusoma, wala hakuona haya kusema.

"Mimi nasoma penseli," alikuwa akisema. "Wino wenu someni wenyewe."

Na penseli ndiyo yenye kazi. Watu wanane wakipiga viola, ile fidla iliyo kubwa kidogo na nzito ya sauti, pinde zao za kusugulia nyuzi lazima zishuke pamoja na kupanda pamoja. Mmoja akipandisha mwenzake akishusha, sauti inachafuka na viwiko vinagongana. Kwa hiyo kiongozi wa kila kundi huandika kwa penseli juu ya noti, hapa shusha, hapa pandisha, na Mama Kifutio hunakili alama hizo kwenye karatasi za wengine wote, kila karatasi kwa watu wawili. Onyesho likiisha, hufuta zote. Kifimbo ndiye aliyeweka sheria hiyo, kwamba viongozi wa mwaka ujao wakute karatasi safi wajichagulie wenyewe. Miaka kumi na tisa mama huyu aliandika na kufuta, akaandika na kufuta, na hakuna kitu alichokichukia duniani kama kalamu ya wino. Kijana aliyekutwa nayo ukumbini alisomewa risala mpaka akatamani kurudi kwa mama yake.

Mwaka ninaousimulia, kiongozi wa viola alikuwa msichana wa miaka kumi na saba ambaye wenzake walimpa jina la Kimya. Alistahili. Alizungumza kama anayelipia kila neno. Ila penseli aliikandamiza vibaya sana, na Mama Kifutio alimtania kila siku.

"Mtoto wewe, unaandika au unachimba kisima? Hizi nitazifutaje mimi?"

Kimya alicheka bila sauti. Naamini walipendana, kwa namna yao. Mchana, wakati wengine wamelala, msichana alikwenda kukaa kwenye kile chumba akichonga penseli, na huko ndiko alikosema yale ambayo hakumwambia mtu mwingine: kwamba katika simfonia ya onyesho la mwisho, ule wimbo mrefu wa okestra nzima, kuna mahali viola inapiga peke yake, haifiki dakika moja, okestra nzima ikiwa imeshusha pumzi, kwamba kipande hicho ni chake yeye kama kiongozi, na kwamba baba yake, fundi viatu, angefunga kibanda siku hiyo aje kumsikiliza kwa mara ya kwanza. Baba huyo alikuwa akisema kwamba fidla ni mchezo wa watu wenye nafasi. Mama Kifutio alinisimulia haya akijivuna, utadhani mzazi ni yeye.

Sasa kosa lenyewe. Majalada ya nyimbo ambazo hazijapigwa aliyapanga rafuni migongo ikitazama nje. Wimbo ukishapigwa, aliyageuza, migongo ikatazama ukuta, maana yake: haya ni ya kufutwa. Hakuwa na haja ya kusoma majina. Onyesho la kwanza lilifanyika Jumamosi ya wiki ya tatu. Jumapili alishusha kila kitu apanguse vumbi, akarudisha, na majalada manne ya viola, ya ile simfonia ambayo bado, akayarudisha kinyume. Jumatatu asubuhi akaona migongo iko ukutani. Akachukua kifutio, akafuta yote manne, ukurasa kwa ukurasa, kwa bidii yake ile ile.

Alasiri Kifimbo akainua fimbo, na viola nane zikaanza, kila mmoja na njia yake. Kiwiko kikagonga kiwiko. Kifimbo akasimamisha.

"Viola, alama ziko wapi?"

"Sijui, mwalimu," Kimya akasema. "Nimekuta hazipo."

"Hazipo?"

"Hakuna hata moja."

Hapa lazima niseme kwamba Alhamisi iliyotangulia hao wawili walikuwa wamebishana. Kimya alitaka sehemu moja ianze kwa kushusha, Kifimbo akataka kupandisha, na yake ndiyo iliyoandikwa. Kifimbo si mtu mbaya, lakini hesabu zake hufanywa haraka.

"Alhamisi ulizikataa alama zangu," akasema, "leo zimetoweka. Unataka nijumlishe mwenyewe?"

"Sikufuta."

"Basi zimejifuta. Nenda ukakae nyuma kabisa. Na kile kipande cha peke yake atapiga mwenzako."

Kimya akabeba viola yake akapita katikati ya viti, watu wakikunja miguu kumpisha. Hakulia. Mimi nilikuwa nimesimama na besi yangu, nina mapumziko, nikatazama mlangoni. Mama Kifutio alikuwa pale ameshika majalada ya filimbi. Sketi yake nyeusi ilikuwa imejaa vumbi la kifutio, lile la vinyuzinyuzi vya kijivu, kuanzia kiunoni hadi magotini. Karatasi za onyesho la Jumamosi alikuwa amezifuta zote usiku ule ule. Alikuwa amefuta nini? Nikaelewa. Yeye naye alikuwa ameelewa, kwa sababu alianza kujikung'uta polepole kwa mkono mmoja, kisha akarudi nyuma, mlango ukafungwa.

Angeweza kusema. Nami ningeweza. Nikahesabu mapumziko yangu mpaka mwisho, nikapiga noti zangu nne. Bado naona aibu.

Sababu yake ilikuwepo, kama mtu anataka sababu. Siku ya ufunguzi mkurugenzi wa mpango, mama wa haraka anayeongea akitembea, alimwambia kwamba mwakani karatasi huenda zikaondolewa, vijana wasome kwenye vioo vya umeme. "Tutaona kama tutakuhitaji," akasema. "Tuone mwaka huu utakwendaje." Nyumbani kwa Mama Kifutio hakukuwa na mtu wa kumngoja. Kwa miezi kumi na moja alikuwa bibi mwenye goti bovu. Kwa mwezi mmoja alikuwa mtu ambaye vijana sitini hawakuweza kushusha upinde bila yeye.

Mazoezi yalipokwisha nikaenda chumbani kwake. Alikuwa dirishani, ameinua karatasi ya Kimya usawa wa jicho, ameilaza kama mtu anayepima ubao uliopinda.

"Mwalimu wa besi, funga mlango," akasema bila kugeuka. "Nilifuta mimi."

"Niliona sketi."

"Ukanyamaza?"

"Nawe je?"

Akanisogeza dirishani. Kisha akanionyesha. Jua la saa kumi na moja liliingia kwa ubavu, na kwenye karatasi iliyolazwa vile nikaona: rangi ya penseli imekwenda, lakini shimo lake lipo. Kimya alikuwa amekandamiza sana hata kila alama ilikuwa imeacha mfereji. Mama Kifutio akaniomba nishike karatasi isitikisike, naye akapita juu ya kila mfereji kwa penseli mpya, mpaka jua likazama nyuma ya mabweni na ukurasa wa mwisho ukawa umekamilika. Nyingine tatu angezinakili asubuhi.

"Nitasema kesho," akasema.

"Sema leo."

"Kesho. Zikisharudi."

Alitaka kuupeleka ugonjwa na dawa kwa pamoja. Sikumlaumu, ila nilijua usiku ule kuna mtu aliyelala bwenini akiitwa mwongo.

Kesho yake alasiri karatasi zilikuwa mahali pake. Kifimbo akapita mbele ya viola, akafunua moja, akafunua ya pili.

"Ajabu," akasema. "Zimerudi." Akamtazama Kimya kule nyuma. "Ukikosa ukatengeneza, ni vizuri, nakushukuru. Lakini kiti cha mbele ni mpaka mwakani."

Kimya akainamia viola yake. Na hapo ndipo kosa lilipomfungulia Mama Kifutio mlango wa nyuma. Alama zimepona, mkosaji ameshapatikana na ameshasamehewa nusu, hakuna atakayeuliza tena. Angegeuka tu aende zake. Alikuwa mlangoni, mahali pale pale pa jana. Sikuhesabu chochote, nilimtazama yeye.

Akaingia. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupita mbele ya okestra mazoezi yakiendelea. Alipita akichechemea mpaka kwenye jukwaa la mwongozaji.

"Mwalimu, huyo mtoto hajagusa kitu. Nilifuta mimi."

"Ulifuta wewe?"

"Jana asubuhi. Niligeuza majalada vibaya, nikafuta. Hilo ni kosa la kazi. Halafu nikaona anafukuzwa kitini kwa ajili yangu, nikafumba mdomo. Hilo la pili ndilo baya."

Kifimbo akaweka fimbo chini, na wapo waliosema baadaye kwamba hilo liliwashangaza kuliko maneno ya mama.

"Kimya, rudi mbele," akasema. "Nami nimekukosea. Nilihukumu kabla sijauliza."

Msichana akarudi. Mama Kifutio akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, lakini sisi wa besi tuko karibu na viola:

"Mwanangu, nisamehe."

Kimya akaweka viola begani. Akamtazama Kifimbo, si yeye.

"Tuanzie wapi, mwalimu?"

Hilo ndilo lililokuwa jibu, na kwa siku zote zilizobaki hakukuwa na jingine. Asubuhi alimwamkia Mama Kifutio kama anavyowaamkia wakubwa wote, shikamoo, akapita. Mchana hakuja kuchonga penseli. Mkurugenzi alimwita mama ofisini, akamwambia kosa lake limeandikwa kwenye faili. Mama akatoka huko bila kujali sana. Alichouliza kila siku ni kingine. "Leo amesema kitu?" akaniuliza. "Hajasema." Alipungua. Chai ilikuwa ikipoa mezani kwake, ikapata utando. Nilimwambia kuteleza si kuanguka. Akanijibu kwamba methali hizo hutungwa na watu ambao hawakuteleza juu ya mtoto wa mtu.

Siku ya onyesho la mwisho fundi viatu alikuja. Nilimjua kwa vidole vyake, vyeusi kwa rangi ya viatu, alivyoviweka magotini kama vitu vya kuazima. Kipande cha viola kilipofika, pinde nyingine zote zilisimama, na Kimya akapiga. Sitakieleza. Alipiga vizuri, safi, na katika ile sehemu waliyobishania upinde ulianza kwa kushuka, na Kifimbo akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Fundi viatu alisahau kupiga makofi mpaka jirani yake alipomgusa. Mama Kifutio alisikiliza akiwa mlangoni.

Kesho yake vijana wakaondoka asubuhi na mapema. Nilikwenda kumsaidia kufuta, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilikuwa na deni langu la kunyamaza. Tulifuta fidla, tukafuta selo, zile za kushikwa kati ya magoti. Jalada la mbele la viola alilichukua mwenyewe. Alifuta akinung'unika kuhusu mtoto anayechimba visima, akafika ukurasa wa mwisho, mkono ukasimama.

Chini ya noti ya mwisho paliandikwa kwa penseli, kwa mkandamizo ule ule: *Mama, yamekwisha. Futa na hili.*

Alisoma. Akasoma tena. Akanisogezea nami nisome, asije akawa ameona vibaya. Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa kiganja chenye vumbi la kifutio mpaka shavu likawa kijivu.

"Liache," nikasema. "Neno moja litamdhuru nani?"

"Sheria ni sheria," akasema. "Tena ameniambia nifute."

Akafuta, kwa uangalifu, neno kwa neno, akapuliza vumbi. Kisha akainuka na goti lake, akaipeleka karatasi dirishani kwenye jua la jioni, akailaza usawa wa jicho.

Vile vioo vya umeme havijaja. Wanasema mwakani, kama walivyosema mwaka jana. Mama Kifutio yupo bado, na jalada lile liko rafuni, mgongo nje. Mara moja au mbili kila kiangazi, saa kumi na moja, hulitoa, akasimama nalo dirishani kidogo, kisha akalirudisha. Sijawahi kumuuliza anasoma nini.