Reli Ilipolia Mgodini

Mwezi uliopita nilishuka kwenye basi pale Shelui, nikaliacha liende bila mimi. Miguu siku hizi hainisikilizi vizuri, lakini nilijikokota hadi kwenye mgodi wa zamani. Nilipafahamu kwa rundo la mawe tu.

Nikueleze palivyokuwa. Wazungu walichimba dhahabu pale, wakafunga mgodi na kuondoka kabla ya Uhuru. Wakatuachia mashimo, vifusi vyeupe visivyootesha hata jani, na babu yangu, ambaye kifua chake kilikuwa kimejaa vumbi la kule chini. Shimo kubwa lilijaa maji ya mvua. Babu akaanza kupanda miti kwenye vifusi, na kila aliyefika kuchota maji aliimwagia miche kibuyu kimoja. Matete yakaota. Bata maji wakaja, korongo wakafuata, pimbi wakahamia kwenye mawe, na digidigi wakawa wanateremka kunywa. Wazee wakakaa kikao, wakakubaliana: hakuna mtego, hakuna manati, hakuna shoka.

Babu alikuwa ametundika kipande cha reli ya mgodi, kile kilichokuwa kikiwaita watu kazini kwa zamu. Jua likianza kuinama alikigonga mara tatu. "Haya, tokeni," alituambia. "Sasa ni zamu ya wenyewe." Tuliondoka wote, na ng'ombe wetu, na ndoo zetu, wanyama na ndege wakabaki na maji yao. Nyumbani bibi alikuwa ameshaivisha ugali wa uwele na mlenda, na tulikula tukiwasikia kanga wakigombana kando ya maji.

Kisha tukahamia kijiji cha Ujamaa, kando tu ya hapo. Likalimwa shamba la kijiji, uwele mtupu, na watoto tukapangiwa zamu za kuamia ndege wasile uwele. Siku yangu nilipanda dunguni na debe langu na kombeo, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kwelea kwelea walikuwa wakitokea mbuga ya Wembere kila asubuhi, kama moshi. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Lakini siku hiyo lori liliharibika barabarani, na utingo alikuwa akiwagawia watoto sukari guru. Nikashuka. Nilijiambia nitarudi sasa hivi. Niliporudi, nusu ya shamba ilikuwa mabua matupu.

Mkutano uliitwa jioni hiyo hiyo.

"Ndege wanalala kwa huyu mzee!" mama mmoja jirani alifoka. "Anafuga ndege kwa uwele wetu!"

"Awapikie na mboga basi," mwingine akadakia, watu wakacheka kwa hasira.

Mwenyekiti akamgeukia babu. "Mzee wangu, unasemaje? Wametoka kwenye matete yako?"

Babu akakohoa kwanza. "Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa dunguni," alisema. "Hajawahi kunidanganya. Aseme yeye. Akisema wametoka kwangu, chomeni."

Nilisimama. Sukari guru ilikuwa bado imenata kwenye meno. Ningesema kweli, ningeulizwa nilikuwa wapi.

"Wametoka kwenye matete," nikasema.

"Umewaona?"

"Nimewaona, babu."

Alinitazama kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa, akakaa.

Walichoma kesho yake. Matete yanapoungua hupasuka kama bisi. Bata walizunguka juu ya moshi muda mrefu, hawakupata pa kutua. Miti nayo ikakatwa kujengea nyumba mpya, maana kikao cha wazee kilikuwa kimeishiwa nguvu. Asubuhi ya tatu kwelea kwelea wakaja tena, kutoka Wembere, wakamaliza nusu iliyobaki. Kijiji kizima kikawaona.

Babu hakuniuliza kitu. Laiti angenichapa. Jioni aliendelea kugonga reli yake mara tatu, na majivu yakiwa yamezagaa ufukweni, mpaka kifua kilipomlaza. Nilikwenda sekondari nikijiambia nitamwambia likizo. Likizo mbili zilipita. Ya tatu nilikuta kaburi.

Mwezi uliopita, basi, nilikuta wachimbaji wadogo, makarasha yakisaga mawe, na maji ya shimo yamegeuka tope la kijivu. Kijana mmoja mwenye vumbi hadi kwenye kope alinikaribia.

"Shikamoo mzee. Una eneo lako hapa?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu," nilimjibu. "Lilikuwa la babu."

Alinipa jiwe la kukalia. Nilikaa, nikamsikiliza akikohoa, kikohozi ninachokifahamu. Hakuna mti, wala pimbi, wala reli. Jua lilipoanza kuinama niliinuka kana kwamba reli imelia, nikaondoka, niwaachie wenyewe zamu yao.