Ndege ya Zamani Juu ya Mbugangari

Majuzi niliona kwenye simu ndege ya vita ya zamani, iliyofufuliwa na mafundi, ikirushwa kwenye maonyesho. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mlio ule niliujua.

Nilikuwa mdogo, nyumbani kwetu Mbugangari, mpakani na Goma. Mama alikuwa anakaanga sambaza, na nyumba nzima ilinukia mafuta na samaki. Ngurumo nzito ikatokea upande wa Goma, ikikohoa, hadi vifuniko vya sufuria vikatetemeka. Baba, mwenye wazimu wa ndege, akaruka mlangoni.

"Ni ya vita, ya zamani! Wameitengeneza, iko inaruka! Mukuye muone!"

Nikamkimbilia, lakini mama akanishika gauni. "We Aline, baki hapa!" Akanivuta chini ya meza. Nilidhani tunacheza kujificha, nikacheka, halafu nikakasirika, maana baba alikuwa anashangilia nje nami naona miguu ya viti tu. Moyo wa mama ulinigonga mgongoni. Sikujua kwamba aliwahi kuzikimbia ndege za vita akiwa amebeba mtoto.

Baba akarudi akihema kwa furaha. "Bon, mumeiona?" Akainama, akatuona. Tabasamu likamtoka.

Ndege ilikuwa inageuka juu ya ziwa, inarudi. Baba alitazama mlango, kisha akaingia chini ya meza, akamkumbatia mama.

"Ni ya kuonyesha watu tu, Mama Aline. Niko hapa."

Ilipopita juu ya bati letu, baba alifumba macho. Nikadhani naye anaogopa. Kumbe alikuwa anasikiliza.