Wiki Niliyojitibu Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini London nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikapanda ngazi za hospitali moja ya kusini nyuma ya Profesa, mkuu wa idara ya kifua. Nilikuwa daktari kijana kutoka Tanga na nilikuwa na hofu ya kila kitu, hata ya lifti. Ghorofa ya pili Profesa alisimama mbele ya picha ya mzee mwenye ndevu.

"Huyu alikuwa daktari hapa katika karne ya kumi na tisa," akatuambia sisi wageni. "Aliugua kifua akiwa likizo, akakataa kumwita daktari mwingine. Kila siku alijipima mapigo ya moyo, akajitibu, akawaandikia wanafunzi wake maendeleo ya ugonjwa kana kwamba ni wa mtu baki. Kila barua aliimaliza kwa kusema amepata nafuu. Barua ya mwisho ilifika ameshazikwa. Hiyo ndiyo nidhamu."

Bibi yangu angesikia hadithi ile angesema mficha maradhi kifo humuumbua, akaendelea kuchambua mchele wake. Mimi nilimwamini Profesa.

Nyinyi mnaoanza kazi leo mna mashine za kila namna. Sisi tulifundishwa kwanza kutumia vidole: unaweka kidole kimoja mgongoni mwa mgonjwa, unakigonga kwa kingine, unasikiliza. Pafu lenye hewa hulia kama ngoma, lenye maji hunyamaza. Ndipo unashika stetoskopu, na mwisho kabisa unaitundika picha ya eksirei kwenye ubao wa taa na kueleza unachokiona mbele ya wenzako. Ukikosea, Profesa hakukukemea. Alikutazama juu ya miwani yake, ukatamani akukemee.

Jambo jingine tulilofundishwa halikuandikwa popote: daktari haugui. Ukipiga simu kusema unaumwa, kuna mwenzako atakayebeba zamu yako, na hatasahau. Niliwahi kuzunguka wodi nzima na homa, nikimeza vidonge kila nikiingia msalani. Nilijiona shujaa.

Nilipopanda kuwa registra, yaani daktari aliye chini ya bingwa na juu ya wanaojifunza, nilipelekwa kliniki ya kifua upande wa Barking. Huko Kiswahili changu kilipata kazi. Wagonjwa wengi walikuwa Wakongo, wafagiaji wa ofisi na walezi wa wazee. Namkumbuka baba mmoja aliyekohoa miezi mitano kabla ya kuja. Nilimgombeza kama mtoto. Nilimwuliza alikuwa anasubiri nini, apewe mwaliko?

"Niliogopa, mama docteur," akanijibu. "Weye hauogopake?"

Nilicheka, nikamwandikia dawa.

Baada ya Barking nilirudi hospitali ileile nikiwa bingwa, chini ya Mkuu wa Idara mpya, mwanamke mfupi wa maneno machache. Sista, yaani muuguzi mkuu, wa wodi yetu alikuwa Zuhura, mtu wa Mombasa. Tulikaa mitaa miwili tu mbali, huko Thornton Heath. Tulinunua ndizi mbichi duka moja, tulifuturu pamoja, na binti yake Salma alikulia mikononi mwangu. Zuhura aliniita Rehema. Akiniita Daktari, nilijua nimemuudhi.

Kikohozi kilinianza nikiwa na miaka hamsini na miwili. Mwezi wa kwanza nilisema ni baridi. Wa pili nikasema ni vumbi la wajenzi waliokuwa wanakarabati jengo letu. Wa tatu nguo zilianza kunipwaya, na jioni mwili ulichemka. Mgonjwa yeyote angenieleza hayo, ningempeleka eksirei kabla hajamaliza sentensi. Mimi nilichukua likizo ya wiki mbili.

Nataka mwelewe nilichokiogopa. Kufa kulikuwa mbali kidogo. Niliogopa kuondolewa wodini. Niliogopa zaidi kusikika korido nzima kwamba yule daktari wa Kiafrika ana kifua kikuu, na mtu aseme, si unaona, wanakuja nacho. Miaka yote nilikuwa nimejenga jina, na jina lenyewe lilikuwa la mtu anayeponya ugonjwa huohuo. Aibu ilinikaa kooni pamoja na kikohozi.

Basi nikajifungia nyumbani na daftari. Niliandika: mgonjwa mwanamke, miaka hamsini na miwili, joto la asubuhi hivi, joto la jioni vile. Nilijaribu kujisikiliza mapafu kwa stetoskopu, lakini mgongo wako mwenyewe huufikii, nikabaki najipindapinda mbele ya kioo. Nilimeza dawa za bakteria zilizobaki kabatini. Kila jioni nilimaliza kwa neno nafuu. Asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho.

Siku ya sita ya likizo ilikuwa arobaini ya mjukuu wa Zuhura. Salma alikuwa amejifungua binti, Hanifa, na siku hiyo mama na mtoto walikuwa wanatolewa ndani rasmi. Nilipanga kutokwenda. Nilitafuta uongo, nikaukosa unaomfaa Zuhura. Nikanywa maji ya tangawizi, nikatia pipi za koo mkobani, nikaenda.

Kwa kina Zuhura kuna desturi. Mtoto akitolewa, mwanamke wanayemheshimu humpokea wa kwanza, akamsogeza mdomoni na kumnong'oneza sikioni jambo analomtakia maishani. Sebule ilikuwa imejaa wanawake na udi. Salma akanijia na mtoto mikononi.

"Auntie, you first," akasema.

"Mpe daktari wetu," Zuhura akaitikia. "Apate akili zake."

Ningeweza kusema nina mafua. Neno dogo tu, na hakuna ambaye angelishangaa. Lakini wote walikuwa wananitazama, na nilikuwa nimezoea kutazamwa hivyo, kama mtu asiyeumwa. Nilimpokea. Alinuka maziwa. Niliweka mdomo karibu na shavu lake, nikamtakia afya njema.

Kesho yake asubuhi nilikohoa damu kwenye sinki. Nilifunga lile daftari, nikapanda basi hadi kazini, nikagonga mlango wa Mkuu wa Idara na kumweleza yote nikiwa nimesimama, kitambaa mdomoni. Hakunigombeza.

"Angekuwa mgonjwa wako," akauliza, "ungemwambia nini?"

"Kwamba amechelewa."

"Basi twende eksirei."

Picha ilionyesha tundu juu ya pafu la kulia, mahali palepale nilipowaonyesha vijana kwa kidole mara nyingi. Makohozi yakapimwa: vimelea vimejaa. Nikaanzishiwa dawa za miezi sita, na amri ya kukaa nyumbani peke yangu wiki mbili za mwanzo, mpaka nisiwe wa kuambukiza. Kisha nesi akanipa fomu ya kuandika kila niliyekaa naye karibu, ili waitwe kupimwa. Niliandika wagonjwa, niliandika wenzangu, nikaandika Zuhura. Kalamu ikasimama. Mtoto wa siku arobaini hana kinga ya kutosha. Kwake ugonjwa huu haukai kifuani, hukimbilia ubongo. Niliwahi kumwona mmoja. Nikaandika jina la Hanifa kwa herufi kubwa ili lisisomwe vibaya.

"Hawataambiwa aliyewaambukiza," nesi akanituliza. "Hiyo ni siri yako."

Nakiri kwamba maneno yale yalinipa faraja. Nilirudi nyumbani nimeyakumbatia. Siku mbili nilikaa na simu mapajani, nikiokota ujasiri na kuuweka chini. Siku ya tatu simu ikalia yenyewe.

"Rehema," Zuhura akasema. "Watu wa TB clinic wamenipigia. Eti Hanifa amekaribiana na mgonjwa. Wamempa appointment kesho, na hawataki kusema ni nani. Salma analia tu. Wewe ndiye unayejua mambo haya. Hebu nisaidie kufikiri, ni nani aliyekuja pale na ugonjwa?"

Nilikuwa na siri yangu, nimepewa kihalali na nesi. Ningeweza kumtajia jina lolote, au nisimtaje mtu.

"Ni mimi," nikasema.

"Tangu lini unakohoa?"

"Miezi mitatu."

"Mimi nafanya kazi na wewe kila siku, ukaniambia ni vumbi. Na siku ya arobaini, ulijua?"

"Sikuwa na uhakika."

"Sikukuuliza uhakika, Daktari. Ulihisi?"

"Nilihisi."

Simu ikakatika.

Hanifa alianzishiwa dawa ya kinga kesho yake. Kidonge husagwa, kikatiwa kwenye maziwa, kila siku kwa wiki sita, kisha ndipo kipimo kinaweza kusema kitu. Nimewahi kusubiri matokeo mengi ya watu wengine, nikasema "tutajua karibuni" na kwenda kula chakula cha mchana. Wiki zile sikula. Nilihesabu dalili ambazo sikuweza kuziona: kama ananyonya, kama analala mno, kama shingo imekakamaa. Hakuna aliyenieleza, wala sikuwa na haki ya kuuliza.

Asubuhi ya nne tangu Hanifa aanze dawa, simu ililia saa moja.

"Amekunywa," Zuhura akasema. "Wewe umemeza?"

"Nimemeza."

Akakata. Ikawa hivyo kila siku, maneno hayohayo, bila salamu. Nilikuwa naamka mapema na kukaa kitako kuisubiri, vidonge vyangu kwenye kisahani. Siku moja ilipita saa moja na robo haijalia, nikajikuta nimevaa koti juu ya gauni la kulalia na niko mlangoni. Ikalia. Alikuwa amekosa mtandao tu.

Kipimo cha Hanifa kilitoka safi. Chake Zuhura kilionyesha vimelea vilivyolala mwilini, na hakuna anayeweza kusema kama vilitoka kwangu au alikuja navyo tangu utotoni, kama wengi wetu. Naye akameza dawa. Nilirudi wodini, nikafanya kazi hadi mwaka nilipostaafu, na kwa kila daktari kijana aliyenijia nilisema jambo moja kabla ya yote: ukiumwa, mtafute mwenzako akuguse. Mganga hajigangi. Wengi waliitikia kwa adabu, wakaendelea kukohoa.

Sasa tuko wastaafu wote wawili. Zuhura huja Jumapili, tunakunywa chai, tunawasema watu. Hanifa ana miaka kumi na miwili na hunijibu Kiingereza kwa mdomo mrefu, mzima kabisa. Mara mojamoja, chai ikipoa, mimi humuuliza Zuhura kama amekwisha kunisamehe.

"Ya mtoto nimesamehe zamani," husema. "Hiyo ya kuhisi ukaninyamazia, bado naifikiria."

Kisha husukuma kikombe mbele nimwongezee, nami namwongezea.