Kanda Hairudishwi

Kasulu nzima ilimjua Evaristi Ndayikunda kwa kusikiliza. Wengine walijulikana kwa mashamba yao, wengine kwa ubishi wa vilabuni. Yeye alijulikana kwa kukaa kwenye kigoda barazani mwa duka la Hilali, redio kaseti imepakatwa mapajani, macho yamefumbwa, kichwa kimeinamishwa upande kama mtu anayeumwa jino. Watu walimpita bila kumsalimu. Walijua hataitika mpaka wimbo uishe.

Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto, katika vurugu za mwaka sabini na mbili, akakulia Heru Juu kwenye mihogo na maharage, akapata uraia pamoja na wazazi wake, akasoma kadiri alivyoweza. Alipokua akawa mpiga taipu wa chama cha ushirika. Chama kilipoyumba na wafanyakazi kupunguzwa, yeye aliondoka na taipureta kuukuu ambayo herufi yake ya "r" ilikuwa imekatika mkia. Kwa taipureta hiyo akaanzisha jarida.

Aliliita Mlio. Lilikuwa karatasi chache zilizodurufiwa kwa stensili na kubanwa pini ubavuni, na ndani yake hamkuwa na habari nyingine isipokuwa za muziki. Evaristi alikuwa akisema kwamba mtu anaweza kupiga gitaa Murungu miaka ishirini, akaburudisha harusi na kulia na wafiwa, kisha akafa bila mstari mmoja kuandikwa juu yake. Magazeti ya Dar es Salaam hayakuijua Murungu. Basi yeye angeandika. Parokia ilikuwa tayari kumpa mashine ya kudurufu, ila padri alitaka kusoma kila toleo kabla halijatoka. Evaristi akashukuru na kukataa. Bwana mmoja wa siasa alitaka ukurasa wa hotuba zake, naye akakataliwa vilevile.

Aliyemwezesha ni Hilali, mwenye duka la redio na kanda karibu na stendi, mtu ambaye babu zake walitoka pwani wakaishia Ujiji, na baba yake akapanda mlima hadi Kasulu. Hilali alitoa stensili, wino na betri. Alichopata yeye ni kanda zenyewe ambazo wanamuziki walililetea jarida. Kanda nzuri zilikuwa adimu huku juu, na kila iliyoletwa kwa Mlio ikishasikilizwa iliingia kwenye boksi lake, akarekodi juu yake taarabu au dansi, akaiuza. Ndiyo maana ukurasa wa mwisho wa kila toleo, chini ya maelezo ya namna ya kuleta kazi, ulikuwa na mstari mmoja kwa herufi kubwa: KANDA HAIRUDISHWI. Evaristi aliupiga taipu mwenyewe. Aliamini kila mwanamuziki hubaki na nakala yake nyumbani.

Mengine yote katika maelezo yale yalikuwa ya haki. Kila kanda itasikilizwa. Hapokelewi mtu kwa undugu wala kwa dini. Zawadi haipokelewi. Tutaandika tulichosikia, na tusichosikia hatutaandika. Safari moja kwaya ya Titye ilileta kanda pamoja na jogoo. Evaristi akamrudisha jogoo kwa baiskeli ileile iliyomleta, kisha akaandika kwamba sauti ya kwanza inaimba kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Shangazi yake alikuwa katika sauti hiyo ya kwanza. Hakumsemesha hadi Pasaka iliyofuata, lakini mazoezi yakaongezwa, na kanda ya pili ilipokuja Evaristi aliisifu kwa moyo wote.

Njia yake ilikuwa hii: mara ya kwanza alisikiliza macho yamefumbwa, mara ya pili kalamu mkononi. Upande wa kwanza, upande wa pili, hata kama ni kelele tupu.

Kisha wakaja wakimbizi wengine, wengi kuliko wale wa zamani, na kambi zikajaa upande wa Kibondo na upande wa Kasulu. Watu wale walikuja na nyimbo. Walikosa sufuria na magodoro, lakini kila kambi ilikuwa na kwaya zake, na wapiga inanga, kinanda cha ubao chenye nyuzi, na wapiga umuduri, ule upinde wa waya mmoja na kibuyu chake unaoegemezwa kifuani. Wakasikia kwamba Kasulu kuna mtu anayesikiliza. Kanda zikaanza kuja kwa madereva na kwa makatekista, zimefungwa kwa vipande vya turubai la bluu. Zilimfikia nyingi kuliko alivyoweza kuzimaliza, na betri zilikuwa zilezile. Evaristi akaanza kusikiliza mara moja badala ya mbili. Baadaye, upande wa kwanza ukimtosha kuandika aya moja, hakuugeuza wa pili. Alijiambia ni kwa muda tu, mpaka mlundikano upungue. Haukupungua.

Kiangazi cha mwaka tisini na saba, asubuhi yenye vumbi, mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisimama mbele ya duka la Hilali akauliza kama hapo ndipo penye watu wa Mlio. Alikuwa mwembamba, miguu imejaa vumbi jekundu la njia ya Kibondo. Alisema anaitwa Immakulata Ininahazwe, ametoka kambini, na amepewa kibali cha siku chache kwa shida aliyonayo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kikimshinda alirudi kwenye Kirundi, na Evaristi alimwelewa vizuri pande zote mbili.

"Nimekuja kuchukua kasete ya bwana wangu," alisema. "Tharsisi. Mpiga umuduri."

Evaristi alimkumbuka. Alimwambia kwa furaha kwamba aliandika juu yake, tena aliandika vizuri, akauliza Tharsisi mwenyewe hajambo. Immakulata akajibu kwamba Tharsisi alikufa mvua zilipoanza, kifua kilimmaliza, na mtoto huyu alizaliwa baada ya maziko. Alisema hivyo kwa sauti tulivu, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi kwenye madirisha ya ofisi. Kisha akaeleza habari za kanda. Mganga mmoja wa zahanati ya kambi aliwaazima redio ya kurekodia. Upande wa kwanza Tharsisi aliimba nyimbo zake, naye Immakulata akiitikia. Kesho yake, mke alipokuwa kwenye foleni ya mgao, Tharsisi alifunga mlango akarekodi upande wa pili peke yake. Alijua haponi. Alimwambia mkewe kwamba upande ule amesema na mtoto, amemwambia ukoo wake na kilima chao na mambo ambayo baba humwambia mwanawe, na kwamba atausikia mtoto akishapata akili. Mganga akachukua redio yake, wao wakabaki na kanda bila chombo cha kuisikilizia. Kabla hajafa, Tharsisi akampa Bazilio, katekista, aipeleke Kasulu. Alitaka nyimbo zake zisikiwe na mtu anayejua. Aliamini wakimaliza wataileta.

Wala Tharsisi wala mkewe hawakujua kusoma. Bazilio alijua, lakini hakuwahi kufika ukurasa wa mwisho.

Evaristi alimtazama Hilali, na Hilali akatazama chini. Halafu Hilali akaanza kushusha maboksi yake yote kutoka rafuni. Alimwuliza Immakulata kanda yenyewe ikoje. Akasema ni nyeupe, na Tharsisi aliichora msalaba kwa kalamu ya bluu karibu na tundu. Adija, mke wa Hilali, alileta uji wa mtoto na chai, akaketi naye kwenye mkeka, akimpokea mtoto ili mama apumzike mgongo. Wanaume wawili wakatafuta kanda moja baada ya nyingine kwenye mwanga wa mlango.

Waliipata. Msalaba ulikuwa pale, umefifia kidogo. Juu yake kulikuwa na karatasi mpya yenye mwandiko wa Hilali: taarabu, mchanganyiko.

Immakulata aliipokea kwa mikono miwili akatabasamu. Aliomba aisikie. Hilali akaiweka. Zikalia fidla na ngoma za taarabu, na mwanamke akiimba juu ya mpenzi asiyejua shukrani. Immakulata akangoja. Alidhani ni mwanzo tu. Waliiacha iende hadi mwisho, wakageuza, wakaiacha tena, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuizima, na kwa sababu Evaristi alitumaini kwamba mahali fulani, baina ya wimbo na wimbo, Hilali alisahau nafasi. Hilali hakuwa mtu wa kusahau nafasi. Aliijaza kanda mpaka mwisho wa utepe.

"Sauti yake iko chini ya hii?" aliuliza Immakulata.

Hilali alichuchumaa mbele yake. Alimweleza taratibu, kwa heshima, kwamba mashine inapoandika jipya hufuta la zamani, na likishafutwa hakuna fundi wa kulirudisha. Alimwita dada yangu. Alimwomba radhi.

Mwanamke akamgeukia Evaristi, akasema kwamba yeye alisikia, basi amwambie. Evaristi akachukua toleo lile la Mlio akamsomea, akitafsiri kwa Kirundi mstari kwa mstari. Alikuwa ameandika kwamba Tharsisi anaupiga waya kama mtu anayezungumza na ndugu yake gizani. Kwamba mwitikio wa mwanamke ni wa kweli na haujipambi. Kwamba nyimbo kama hizi zitapotea tusipozitunza. Na mwisho kabisa aliandika kwamba mpigaji anakohoa katikati ya ubeti, na wanaoleta kanda wanashauriwa warudie kurekodi ili kazi iwe safi. Alipofika hapo alitaka kuruka. Hakuruka. Aliusoma.

Immakulata alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba ameambiwa jambo la haki.

"Na upande wa pili," alisema. "Alimwambia nini mtoto?"

Evaristi alikuwa na maneno. Angeweza kutaja kilima, kwa maana wazazi wake walitoka vilima vilevile. Angeweza kusema baba alimtakia mwanawe nguvu, amtii mama yake, asisahau kwao. Baba gani hasemi hivyo? Adija alikuwa akimtazama kwa macho ya kumsihi. Lakini mdomo wa Evaristi ulikuwa umezoea kanuni moja miaka yote, na kanuni ile ndiyo iliyotoka.

"Sikuusikiliza, mama," alisema. "Niliishia upande wa kwanza."

Immakulata hakulia. Alimchukua mtoto kutoka kwa Adija, akamfunga mgongoni, akakaza kitenge kifuani. Hilali alimsihi apumzike hadi jioni, atamtafutia lori. Alikataa. Aliacha ile kanda kwenye kigoda, akaaga kwa adabu ya kwao, akashika barabara ya Kibondo.

Alipokwisha kupotea kwenye vumbi, Hilali alisema, "Ungemwambia neno lolote, ndugu yangu. Neno lolote tu."

"Ingekuwa uongo."

"Na huo ukweli umemsaidia nini?"

Katika toleo lililofuata Evaristi aliuondoa ule mstari wa herufi kubwa, akaandika kwamba kila kanda itarudishwa kwa mwenyewe. Hilali hakupinga, aliendelea kutoa betri hata bila kupata kitu, lakini duka lake lilikuwa dogo na watoto wake wengi, na stensili zikaanza kuchelewa. Evaristi naye alirudia mtindo wake wa zamani, akauzidisha. Alisikiliza kila kanda pande zote mbili, hadi ule mkwaruzo wa utepe mtupu, kisha akairudia, akiogopa kuna kitu kimempita. Kwa kusikiliza hivyo hakuandika. Kila sentensi aliyoianza aliiona kama ile ya kikohozi. Toleo moja likachukua muda wa matatu, halafu halikutoka kabisa.

Alikwenda Kibondo kumtafuta yule mwanamke. Aliazima redio ya kurekodia, akanunua kanda mpya, akawaza kwamba Immakulata angeimba mwitikio wake, na angalau mtoto angekuwa na nusu ya wimbo. Bazilio ndiye aliyempokea kambini. Alimpeleka hadi kwenye nyumba ya udongo ambamo sasa waliishi watu wengine, familia iliyofika karibuni, nao hawakumjua mwanamke huyo. Jirani mmoja alisema amerudi Burundi na kundi la watu waliojitolea kurudi. Mwingine akasema hapana, alihamishiwa kambi nyingine, mtoto akiwa na homa. Bazilio aliahidi kuuliza. Evaristi alirudi na lori la magunia ya mahindi, kanda mpya ikiwa bado kwenye nailoni yake.

Habari haikuja. Mwaka uliofuata aliketi na taipureta yake nje ya mahakama, akiwapigia watu maombi na viapo, na herufi yake ya "r" ikawa maarufu kwa makarani. Waliokuja kumwulizia Mlio aliwaambia limekufa. Wengine walimwachia kanda hata hivyo, naye aliwarudishia mikononi kabla hawajaondoka, bila kuzifungua. Barazani kwa Hilali hakupita tena. Alizunguka nyuma ya soko. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, ile ya alfajiri isiyokuwa na kwaya.