Treni ya mizimu Newala: mdogo wangu aliingia kumtafuta mama

Wakuu, poleni na majukumu. Hili lilinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikabaki na wadogo zangu. Wa mwisho, Somoe, alikuwa na miaka sita.

Msimu mmoja wa korosho ikaletwa Newala "treni ya mizimu", mchezo wa kulipia ili ukatishwe gizani. Nasikia zamani ilikuwa inawatisha watu ufukweni huko Mtwara. Ilishachoka: turubai jeusi lenye viraka, reli fupi, viberenge vitatu vinavyosukumwa kwa mikono.

Ila niliipenda, sifichi.

Mpiga debe anatangaza kwenye spika: "Ingia uonane na waliokufa!"

Somoe akanivuta. "Kaka Saidi, twende tukamwone mama."

Wakuu, huo ulikuwa mtego. Nikikataa, ataona nimemnyima mama yake. Nikikubali, atamkosa mara ya pili.

Nikakata tiketi.

Ndani mafuvu ya karatasi, sufuria zinagongwa gizani. Watu wazima nyuma yetu wanalia "Mama yangu weee!" Somoe kimya, anakagua sura moja moja.

Kwenye kona yenye taa nyekundu kiberenge kikasimama. Likatokea zee lenye barakoa ya mti, kama ya ngoma zetu za mapiko, likatungurumia usoni.

Somoe akasema, "Shikamoo."

Ngurumo ikakatika. Huku kwetu mtu mzima haachi shikamoo ya mtoto ianguke chini, hata akiwa mzimu.

"Marahaba, mwanangu."

"Umemwona Mama Saidi?"

Mzee akanitazama. Mimi macho yameshajaa machozi. Akainama kwa Somoe.

"Humu tunakaa wa kutisha watu tu. Mama yako alikuwa anatisha?"

"Hapana!"

"Basi humu hayumo."

Jamaa wa nyuma akalalamika, "We mzimu, njoo ututishe na sisi, tumelipa!"

Tulipotoka nikasubiri kilio. Somoe akashusha pumzi.

"Kaka, kumbe mama hayuko gizani."

Tangu mazishi alikuwa anaishi na hofu hiyo peke yake. Mimi nilidhani ugali na madaftari vinatosha.

Nilichojifunza: mtoto aliyenyamaza bado ana maswali. Muulize.

Mlioachiwa wadogo kama mimi, nyie mliwaelezaje? Nawasoma.