Mfumo Unaojiendesha Wenyewe ni Kidole Changu

Msimamizi, funika jina langu na la ofisi pia, maana Garissa hii ukipiga chafya asubuhi, adhuhuri Ijara wanakuombea upone.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mama wa watoto wawili, na nimekasirika. Nasema mapema ili asije mtu huko kwenye comments kuniambia nipunguze hasira. Sipunguzi.

Nafanya kazi katika shirika dogo linalopelekea wafugaji maji kwa malori. Mkubwa wangu ni mtoto wa abti, kaka ya mama yangu. Miaka miwili iliyopita alituletea programu ya kuunganisha programu nyingine. Mtu wa kisimani anajaza fomu kwenye simu, ombi linaingia ofisini, na dereva anapata ujumbe bila mkono wa mtu yeyote. Akapigwa picha, akapongezwa, akaanza kutembea kama aliyechimba visima vyote vya Wajir.

Lakini aliiambia programu kwamba majina yakifanana, ombi la pili ni marudio, litupwe. Huku kwetu! Mtu anaandika jina lake, la baba na la babu, na ukiita Mohamed Abdi Ali sokoni wanageuka wanaume kumi. Mzee mmoja karibu na Eldas akaomba maji. Programu ikamdhani ni yule wa Tarbaj aliyeomba jana yake, ikamtupa. Alingoja siku nne.

Nikamwambia binamu yangu atumie namba ya kisima badala ya jina. Akanijibu mbele ya madereva, "Abaayo, dada yangu, wewe ulisomea ukarani. Hii wachia sisi."

Hakurekebisha, kwa sababu kurekebisha ni kukiri. Alizima sehemu yote ya kujiendesha, akanikabidhi mimi. Kila ombi nalisoma, nahakikisha ni la kisima gani, nabonyeza kitufe, ndipo ujumbe unamfikia dereva. Alisema ni ya muda tu. Sasa ni mwaka mmoja na miezi minne. Nimebonyeza nikiwa na homa, nimebonyeza nikinyonyesha, nimebonyeza siku ya Idi nikiwa na unga mikononi. Na huko Nairobi wafadhili wetu wanaambiwa mfumo unajiendesha wenyewe.

Wiki iliyopita nikapewa barua. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi kwa kuwa, nanukuu, "kazi hii sasa inafanywa na mfumo." Sahihi ni ya binamu yangu. Nilimuuliza nani atabonyeza nikiondoka. Akasema, "Hiyo tutajua huko mbele." Kisha, bila haya, akaniambia wageni kutoka Nairobi wanakuja Alhamisi kuona mfumo ukifanya kazi, kwa hivyo nikae stoo nyuma ya makatoni na kompyuta, nibonyeze kila ombi likiingia. Mlango nifunge.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku niliyopata ile barua, niliiwasha kompyuta asubuhi na kukaa nikiitazama. Maombi yaliingia, sikubonyeza hata moja. Nilitaka aaibike. Saa sita mchana simu ikalia. Ni yule mzee wa karibu na Eldas, anayo namba yangu tangu alipotupwa.

"Binti, maji iko wabi? Ngamia nalamba drum, drum ni kavu. Watoto pia."

Nilibonyeza yote kumi na moja huku nikilia, na mzee bado yuko kwenye laini akinishukuru. Binamu yangu hakuhisi chochote. Alikuwa amekunywa chai yake na maji ya chupa. Najilaumu kwa asubuhi ile, na namchukia zaidi kwa kunifikisha pale.

Nikamwambia hooyo, mama yangu, habari ya stoo na wageni tu. Akasema, "Mtoto wa abti yako usimwaibishe mbele ya wageni. Walahi ukifanya hivyo, kwangu usikanyage." Kwa hiyo hata nyumbani aliyekosea ni mimi.

Nikibonyeza, uongo wake unapita, mimi natoka, na mwezi ujao maombi yatakaa pale bila mtu wa kuyagusa. Nisipobonyeza, wale walioomba asubuhi hiyo ndio watakaolipa, kwa sababu maombi ya Alhamisi ni ya kweli, si ya maonyesho. Njia ya tatu ni kutoka stoo na kompyuta yangu, niiweke mezani katikati ya wageni, nibonyeze wakiona. Hapo maji yataenda, na mimi nitakuwa nimempoteza mama.

Msiniandikie pole. Pole ninazo za kutosha. Mliowahi kuficha aibu ya ndugu, na mliowahi kuifichua, niambieni mlilala vipi baadaye. Ni Alhamisi saa nne asubuhi. Kidole ni changu, nikiweke wapi?