Miiba kwenye Ua wa Memsabu

Harufu ya nyasi zilizotoka kukatwa hunitia hofu mpaka leo. Nilipokuwa na miaka tisa, Uhuru ukiwa bado mpya, harufu hiyo ilitoka mahali pamoja tu karibu na Sultan Hamud: nyumba ya Memsabu, iliyojengwa kwa mawe kama za kwao Uingereza, ghorofa mbili, na mabomba manne ya moshi juu ya paa, kana kwamba Ukambani kuna theluji. Upande wa bustani kulikuwa na madirisha marefu kumi na sita, nami niliamini kila moja linanitazama. Baba ndiye aliyetunza bustani. Tuliishi katika chumba nyuma ya banda la farasi. Kazi ikiisha, na chumba kimekwisha. Nyasi hazikukanyagwa. Hata Baba, kama hana mkasi mkononi, alizunguka kando.

Mwaka huo jua lilikausha kila kitu isipokuwa waridi za Memsabu. Alasiri moja nilisinzia nikichunga, na mbuzi wetu akatoboa ua uliozunguka bustani, wa miti iliyopunguzwa ikanyooka kama ukuta. Nilipomfikia, alikuwa amemaliza mstari mzima wa waridi. Niliogopa hata kupumua. Nilimvuta nje, kisha nikafanya nilichokijua: nikakokota matawi makavu ya miiba, nikaziba tundu na kuyafunga kwa kamba ya mkonge, kama tulivyofunga zizi letu.

Asubuhi nilijificha nyuma ya tangi la maji. Memsabu alisimama mbele ya miiba.

“Nani naweka takataka hapa?”

Baba aliinama, akalishika fundo la kamba yangu, akalitazama kwa muda.

“Ni mimi, Memsabu. Mbuzi ilinishinda.”

Alifutwa kazi palepale. Jumamosi tulihama. Baba hakuniuliza neno, nami kwa woga nilinyamaza miaka thelathini.

Sasa nina nyumba yangu Kasikeu, vyumba vitatu, na nyasi kidogo mbele ambapo wanangu hucheza mpira. Baba alipokuja kuiona mara ya kwanza, alisimama langoni akiyakagua madirisha.

“Baba, pita tu hapo katikati. Ni kwako.”

Hakusogea. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia kwamba siku ile ya waridi ni mimi niliyelala nikichunga.

“Nilijua,” akasema. “Kwani hiyo fundo ni nani alikufunza?”

Kisha akazunguka kando ya nyasi, polepole, mpaka mlangoni.